Somo: Kupanga kasi na dupleksi kwenye poti za Ethaneti

Poti mbili (matundu ya kuchomekea kebo ya mtandao) zilizounganishwa kwa kebo moja sharti zilingane katika mambo mawili: kasi ya kutuma data na dupleksi, yaani kama pande zote zinatuma na kupokea kwa wakati mmoja (dupleksi kamili) au kwa kupokezana (nusu dupleksi). Tangu kiwango cha IEEE 802.3u cha mwaka 1995, vifaa huweza kupatana vyenyewe kuhusu mambo hayo. Kwa maoni yangu, mapatano ya kiotomatiki yaachwe yafanye kazi pande zote mbili, na anayeyazima awe na sababu anayoweza kuitaja.

Hatua ya 1. Soma hali ilivyo, tena kwa pande zote mbili. Kwenye swichi (vifaa vinavyounganisha mashine za mtandao) za Cisco tumia `show interfaces status`; alama ya `a-`, kama katika `a-full`, huonyesha kwamba poti imeachwa ijiamulie yenyewe. Kwenye Linux, `ethtool eth0` (`eth0` ni jina la poti) hutoa kasi, dupleksi na hali ya mapatano.

Hatua ya 2. Tafuta kutolingana. Upande mmoja ukifungwa kwenye kasi ya 100 (megabiti 100 kwa sekunde) na dupleksi kamili huku mwingine ukibaki otomatiki, huo wa pili hutambua kasi kutokana na mawimbi yenyewe, lakini dupleksi haionekani kwenye mawimbi, hivyo kiwango huulazimisha kuchukua nusu dupleksi. Hapo ndipo wengi hupotea, kwa sababu taa zinawaka, ping (amri ya kupima kama kifaa cha pili kinafikika) inajibu, na kila kitu huonekana kizima mpaka faili kubwa lianze kusafirishwa. Upande wa dupleksi kamili hutuma wakati wowote. Ule wa nusu, ukiwa katikati ya kutuma, huona mgongano na kuikatiza fremu yake, yaani kifurushi cha data kinachotumwa. Kwa hiyo vihesabio vya `show interfaces` hutoa ushahidi wa aina mbili: migongano ya kuchelewa, yaani inayotokea baada ya baiti 64 za kwanza, upande wa nusu, na makosa ya CRC (hesabu inayohakiki kama fremu imefika salama) pamoja na vipande vya fremu upande wa pili.

Hatua ya 3. Rudisha otomatiki. Kwenye Cisco, ingia kwenye poti husika na uandike `speed auto`, kisha `duplex auto`. Kwenye Linux: `ethtool -s eth0 autoneg on`. Kiungo kitakatika kwa muda mfupi, na kama unafanya kazi kupitia kiungo hichohicho, anza na kifaa kilicho mbali.

Hatua ya 4. Ikibidi kufunga thamani, zifunge pande zote mbili kwa usawa: `speed 100` na `duplex full` kwenye swichi, na `ethtool -s eth0 speed 100 duplex full autoneg off` kwenye seva. Kumbuka kwamba baadhi ya swichi hupoteza uwezo wa kujirekebishia kebo iliyonyooka au ya kuvuka (ambayo nyaya za kutuma na za kupokea zimebadilishana nafasi upande mmoja) pindi mapatano yanapozimwa.

Hatua ya 5. Futa vihesabio kwa `clear counters`, safirisha data nyingi, soma tena, kisha hifadhi mpangilio.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, je, naweza kufunga kasi ya 1000 na kuzima mapatano kabisa?

Jibu: Kwa kebo ya shaba, hapana. Gigabiti, yaani kasi hiyo ya 1000, ya kiwango cha 802.3ab cha mwaka 1999, huhitaji upande mmoja uongoze saa ya mawasiliano, na uongozi huo huamuliwa katika mapatano. Vifaa vingi vikipewa amri hiyo huendelea kupatana, ila hutangaza kasi hiyo moja tu.

Swali: Pande zote ni otomatiki na zote zina uwezo wa gigabiti, lakini napata 100. Nifunge 1000?

Jibu: Usifunge, ndugu; kagua kebo kwanza. Kasi ya 100 hutumia jozi mbili za nyaya, gigabiti hutumia zote nne, kwa hiyo jozi moja iliyokatika inaweza kuleta hali hiyohiyo.

Swali: Kuna mashine ya zamani yenye 10 na nusu dupleksi, haijui mapatano kabisa. Swichi niipangeje?

Jibu: Iache otomatiki. Itatambua kasi ya 10 na kuchukua nusu dupleksi, ambayo ndiyo unayoihitaji, mradi poti hiyo ya swichi bado inakubali kasi ya 10.