Somo: Kuchagua disiki ya msumeno wa meza kwa mifereji na vidole vya sanduku

Bandugu, jambo yenu. Mwezi huu peke yake nimejibu swali hilihili kwenye simu mara tisa: "Yaya (mkubwa wetu), mfereji wa rafu nikate na disiki gani? Vidole vya sanduku vinatoka na nafasi, kosa liko wapi?" Naandika mara moja, atakayeuliza tena nitamtumia hapa. Niko fundi mbao Kadutu, Bukavu. Kazi yangu kubwa ni droo na mizinga ya nyuki ya masanduku, ile ya mtindo wa Langstroth, ambayo pembe zake hushikana kwa vidole. Kwa hiyo jambo hili nalifanya karibu kila siku.

Tuelewane maneno. Mfereji ni ule unaochimbwa kwenye ubao bila kuupasua, ili ubao mwingine uingie na kukaa. Vidole ni yale meno ya mraba ya pembe ya sanduku, meno ya ubao huu yakiingia kati ya meno ya ubao ule.

Hatua ya 1. Zima mashine, chomoa waya. Swichi peke yake haitoshi.

Hatua ya 2. Tazama kichwa cha jino. Bei na idadi ya meno vije baadaye. Disiki nyingi za madukani zina meno yanayopishana: moja limechongwa mshazari kushoto, linalofuata kulia. Zinakata safi sana ukivuka nyuzi za mbao, lakini sakafu ya mfereji zinaiacha na mwinuko katikati na vijishimo viwili pembeni, kama masikio ya popo. Kidole kikiingia kinakaa juu ya mwinuko, gundi inashika mstari mmoja tu, na kwa nje kila mtu anaona matundu. Unachohitaji ni jino bapa, lililokatwa mraba kama patasi.

Kwenye disiki nyingi za Ulaya utaona herufi: FZ ni meno bapa, WZ ni yanayopishana, TF ni mchanganyiko wa bapa na yaliyopunguzwa pembe. Za bei ndogo mara nyingi haziandikwi kitu. Inua disiki usawa wa jicho, ielekeze dirishani, zungusha taratibu. Ukiwa bado na shaka, kata kipande cha kutupa, kina cha milimita 5, halafu kitazame kwa upande wa mwisho. Kipande hakidanganyi.

Idadi: kwa disiki ya milimita 250, meno 24 bapa yanatosha. Ile ya meno 80 msiilete kwenye mfereji. Nafasi kati ya meno ni ndogo, vumbi halipati pa kutokea, mbao inaungua.

Hatua ya 3. Soma namba. "250 × 3,2/2,2 × 30 Z24" maana yake: kipenyo 250, jino linakata upana wa 3,2, bamba la disiki lina unene wa 2,2, tundu la katikati ni 30, meno 24. Kumbukeni hiyo 2,2.

Hatua ya 4. Tundu na pete. Hapa niliharibu kazi ya watu, kwa hiyo nitaandika kirefu. Misumeno mingi ya Ulaya ina mhimili (chuma kinachobeba disiki) wa milimita 30. Ya Marekani mara nyingi ni 5/8 ya inchi, karibu 15,9. Kwenye mitumba yetu vyote vinachanganyika. Mimi nilikuwa na mhimili wa 25,4 na disiki nzuri ya tundu 30. Nikaenda kwa fundi wa tuur (mashine ya kuchonga vyuma), akanichongea pete ya kujaza ile nafasi. Kipenyo kilikuwa sawasawa kabisa. Unene sikuupima. Pete ilikuwa 2,6 na bamba la disiki ni 2,2. Nilipokaza nati, flanji (sahani mbili zinazobana disiki) zilibana pete, disiki yenyewe haikubanwa na chochote. Ukiigusa kwa mkono ilionekana imekaza. Ilipopata mzigo ikaanza kuteleza na kuyumba, na mfereji ukapanuka kutoka 3,2 hadi karibu 4 bila mimi kuona, kwa sababu kila ubao ulizidi ule uliotangulia kidogo tu. Masanduku kumi na moja ya mizinga nilitengeneza upya kwa mbao zangu.

Kwa hiyo:
– Pete iwe nyembamba kuliko bamba, hata kwa sehemu ya kumi ya milimita. Kamwe isizidi.
– Pete iingie kwa kusukumwa na kidole gumba. Ikicheza, tupa. Kujaza kwa karatasi ya bati au kwa skochi (utepe wa gundi) ni hatari ya mwili.
– Disiki yenye tundu dogo usiipanue kwa dirili. Katikati itahama na disiki itarukaruka.
– Futa flanji kabla ya kufunga. Chembe moja ya vumbi inatosha kuipindisha disiki.

Hatua ya 5. Upana. Njia ni tatu. Ya kwanza ni disiki moja ya meno bapa, unapita mara kadhaa ukisogeza ubao. Ni ya polepole, lakini inafaa mashine zetu nyingi, na mimi nilianza nayo. Ya pili ni pea ya disiki mbili zilizotengenezwa kwa ajili ya vidole: ukizifunga uso huu zinakata 1/4 ya inchi (6,35), ukizigeuza zinakata 3/8 (9,5). Freud wa Italia wanazo za inchi 8. Kwa mbao za mzinga za milimita 19, kidole cha 9,5 kinapendeza na kina nguvu. Ya tatu ni seti ya mifereji: disiki mbili za nje, vikata-kati (visu vya kupanua mfereji) kati yake, na rondela (washa) nyembamba za kurekebisha upana.

Seti hiyo ya tatu inataka mhimili mrefu. Nati ikishakaza, nyuzi za mhimili (za skrubu, si za mbao) zijaze nati yote. Misumeno mingi ya Ulaya ina mhimili mfupi kwa makusudi, na mingi ina breki inayosimamisha disiki ndani ya sekunde 10. Seti nzito ikisimamishwa ghafla inaweza kufungua nati. Kama mashine yako iko hivyo, baki na njia ya kwanza. Na unapopanga vikata-kati, meno yake yakae kwenye mabonde ya disiki za nje, yasigusane na meno ya disiki hizo.

Hatua ya 6. Linganisha mwendo wa mashine na namba ya mwendo wa juu kabisa iliyochongwa kwenye disiki. Mota ya mizunguko 2850, puli ya 140 ikivuta ya 100, inakupa 3990 kwa dakika.

Hatua ya 7. Pima unene wa triplex (mbao za tabaka) kwa piakulisi (kipimio cha taya) kabla ya kukata, ili mfereji ulingane nao. Ile ya "18" mara nyingi haifiki 18.

Hatua ya 8. Kisu cha nyuma ya disiki (kile kinachozuia mbao isiibane) kishushe au kitoe, kisha kirudishe kazi ikiisha. Weka kibao cha kutupa nyuma ya kazi, ili jino likitoka lising'oe nyuzi. Mfereji wa kina chimba kwa milimita 5 au 6 kila mpito, hasa saa za jioni umeme ukiwa dhaifu.

MASWALI

Mwanachama wa Uvira: Disiki gani nzuri kwa vidole?

Jibu: Hatua ya 2.

Mwanachama wa Uvira: Nilitaka jina tu la kununua.

Jibu: Jina halitakusaidia kama hujui tundu la mashine yako. Pima mhimili, urudi na namba tatu: kipenyo, urefu, mizunguko. Hapo nitakusaidia.

Fundi wa Birere, Goma: Mimi nafunga disiki mbili za kawaida pamoja, mwaka wa sita sasa, haijatokea kitu. Munatisha watu bure.

Jibu: Sitishi mtu, ndugu. Jino ni pana kuliko bamba, kwa hiyo ukizilaza pamoja meno ndiyo yanagusana na katikati pana uwazi. Ukikaza nati mabamba yanapinda na meno magumu yanasukumana. Yale meno yamechomelewa tu, na likitoka moja linaruka usawa wa uso wako. Sitamfundisha mwanafunzi wangu hivyo, na hapa sitaandika kwamba ni sawa.

Mwanafunzi wa ufundi, Bukavu: Aksanti sana yaya. Nimefuata yote, sakafu iko bapa, lakini vidole vinaingia kwa nyundo. Kiolezo changu (kifaa cha kuongoza ubao) kina kipini cha kuhesabia hatua. Je, nipunguze kwa msasa?

Jibu: Swali zuri, mdogo wangu. Usiguse msasa. Umbali kati ya kipini na disiki ndio unaoamua upana wa kidole. Kipini kikiwa mbali, kidole kinanenepa na pembe inakataa. Kikiwa karibu, kidole kinakonda na pembe inalegea. Sogeza kipini kuelekea disiki kwa unene wa karatasi ya daftari, jaribu tena. Kosa dogo hujumlishwa kila kidole, ndiyo maana kidole cha kwanza huingia vizuri na cha kumi hukataa. Jaribu kwa ubao wa upana kamili. Vidole vinne peke yake vitakudanganya. Kipimo changu: viingie kwa kusukumwa na viganja. Ukipaka gundi mbao inavimba kidogo, pembe ya kuingia kwa nyundo itapasuka.

Mwanafunzi wa ufundi, Bukavu: Na urefu wa disiki juu ya meza?

Jibu: Unene wa ubao na nusu milimita juu. Vidole vitatokeza kidogo, utavisawazisha kwa randa.

Mama mfuga nyuki, Kabare: Fundi, nyuki si wanaziba wenyewe matundu kwa gundi yao? Kwa nini hangaiko lote hili?

Jibu: Wanaziba upande wa ndani, mama, uko sahihi. Shida ni mvua ya nje. Pembe ya vidole imejaa vichwa vya nyuzi, na vichwa ndivyo vinavyonywa maji. Palipo na uwazi maji yanakaa, mbao inaoza kuanzia kwenye pembe, huku sehemu nyingine ya sanduku ni nzima. Ukienda kununua mzinga, angalia pembe kwanza, na omba zipakwe rangi mara mbili kwa nje. Ndani usipake.

Fundi wa Lubumbashi: Nyongeza. Kabla ya kunoa, safisheni. Disiki nyingi tunazosema zimekufa zimeshika utomvu tu. Baikaboneti ya soda kwenye maji ya vuguvugu, mswaki wa zamani, nusu saa.

Jibu: Kweli kabisa. Mimi nimefanya hivyo baada ya kazi ya msunobari, makali yakarudi. Kausha mara moja na paka mafuta kidogo, bamba lisishike kutu.

Mwanachama wa Uvira: Nimepima. Mhimili 30, urefu wa nyuzi 22, mizunguko 4000.

Jibu: Sasa tunaongea. Seti ya mifereji usahau, mhimili ni mfupi. Tafuta 250 × 3,2 × 30, meno 24, FZ. Tundu linaingia moja kwa moja, huhitaji pete. Ukiipata, kabla ya kulipa nitumie picha ya meno yake kwa karibu.