PostgreSQL: kumzuia mtu wa mapokezi asione majibu ya vipimo

Mtu wa mapokezi anahitaji jina la mgonjwa, simu na siku ya miadi. Majibu ya kipimo cha VVU hayamhusu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Tufunge mlango huo ndani ya PostgreSQL, programu ya hifadhidata, kwenye jedwali liitwalo `wagonjwa`.

Hatua ya 1: kundi kwanza, mtu baadaye

```
CREATE ROLE mapokezi NOLOGIN;
CREATE ROLE asha LOGIN IN ROLE mapokezi;
```

Ruhusa lipe kundi. Asha akihamia maabara, unamtoa kwenye kundi na kumwingiza lingine, basi. Nenosiri lake liweke kwa `\password asha` ndani ya psql, programu ya kuiandikia PostgreSQL amri, lisije likabaki wazi kwenye historia ya amri.

Hatua ya 2: funga jedwali zima, kisha fungua safu (column) chache

```
REVOKE ALL ON wagonjwa FROM mapokezi, PUBLIC;
GRANT SELECT (jina, simu, miadi)
  ON wagonjwa TO mapokezi;
```

Usigeuze mpangilio huu. Ukishatoa `GRANT SELECT` ya jedwali zima, halafu ukaandika `REVOKE SELECT (majibu_vvu)`, amri itapita bila kulalamika na haitazuia chochote, kwa sababu ruhusa ya jedwali zima bado ipo. Nilikuta zahanati moja imekaa hivyo. Mganga mfawidhi aliniambia majibu yamefichwa. Nikaingia kwa akaunti ya mapokezi, yakajipanga yote mbele yetu. Aliumia sana, na mimi pia. Wale ni wagonjwa wanaoishi mtaa mmoja na karani.

Hatua ya 3: vaa kofia ya mapokezi ujaribu

```
SET ROLE mapokezi;
SELECT jina, miadi FROM wagonjwa;
SELECT * FROM wagonjwa;
ERROR:  permission denied for table wagonjwa
RESET ROLE;
```

Swali la kwanza lijibiwe, la pili likataliwe. Kwa hiyo programu yako nayo itaje safu kwa majina, iache nyota (`*`), inayoomba safu zote. Kisha `\dp wagonjwa` itakuonyesha nani ana nini.

Hatua ya 4: angalia programu inaingia kwa jina la nani

Ikiingia kama `postgres`, akaunti kuu isiyozuiwa na ruhusa, au kama mwenye jedwali, yote ya juu ni bure. Ipe akaunti yake, nayo uibane vivyo hivyo.

Halafu faili la chelezo (backup): pg_dump, amri inayolitengeneza, huandika safu zote, na anayelifungua anasoma kila kitu. Lipe `chmod 600` leo hii, lisomwe na mwenye faili peke yake.