Namna ya kuchukua na kupima sampuli ya kichaa cha ng'ombe machinjioni

Kichaa cha ng'ombe hakipimwi kwa damu, wala maziwa, wala kipande cha nyama. Ng'ombe lazima awe ameshakufa, na kinachotakiwa ni sehemu ndogo ya shina la ubongo iitwayo obeksi. Ukiikosa obeksi umekosa kipimo, hata maabara iwe na mashine za aina gani. Nilishika kijiko cha kuchukulia sampuli hiyo kwa miaka kadhaa kwenye machinjio moja kaskazini mwa Uingereza, kisha nikahamia maabara. Wanafunzi wa mifugo na wakaguzi wa nyama wa nyumbani Afrika Mashariki huniuliza kazi ile hufanywaje hasa, na nimeona niwaandikie yote mahali pamoja.

Kwanza, ugonjwa wenyewe kwa ufupi. Ulitambuliwa Uingereza mwaka 1986. Ng'ombe walikuwa wakilishwa unga wa nyama na mifupa ya wanyama wenzao wanaocheua. Unga huo ulipigwa marufuku mwaka 1988, lakini waliokwisha kuula walikuwa wengi, na mwaka 1992 peke yake walithibitishwa zaidi ya 36,000. Machi 1996 serikali ya Uingereza ikatangaza kwamba binadamu nao wanaugua kwa sababu yake. Waingereza 178 wamekufa. Kisababishi ni prioni, protini ya kawaida ya mwili iliyojikunja vibaya na kuzilazimisha nyingine zijikunje vivyo hivyo. Mwili hauioni kama mgeni, kwa hiyo hautengenezi kingamwili ambazo tungezitafuta kwenye damu. Tunaifuata prioni kule inakorundikana.

Hatua ya 1: Jua ni ng'ombe yupi anapimwa

Umri ndio unaoamua. Kuanzia Januari 2001 Umoja wa Ulaya ulitaka kila ng'ombe wa zaidi ya miezi 30 anayechinjwa kwa chakula apimwe. Baadaye ugonjwa ulipopungua umri ukapandishwa hadi miezi 48, kisha 72, na mwaka 2013 Uingereza ikaacha kupima ng'ombe wenye afya wanaochinjwa machinjioni. Wanaoendelea kupimwa ni wa zaidi ya miezi 48 waliofia shambani, waliochinjwa kwa dharura, au waliokutwa wagonjwa kabla ya kuchinjwa.

Kwa nini umri? Prioni huchukua miaka mingi kufika kwenye ubongo, kwa kawaida minne hadi mitano kabla dalili hazijaonekana, na kipimo huiona pale mwisho mwisho tu. Ndama aliyeambukizwa mwaka jana atatoka safi. Japani ilianza kupima kila ng'ombe wa machinjio Oktoba 2001, hata wadogo, na watu wakatulia. Mimi naona fedha zile zilinunua utulivu zaidi kuliko usalama. Kinachomlinda mlaji ni kuondoa ubongo, macho, uti wa mgongo na viungo vingine vya hatari katika kila mzoga. Kipimo kinatuambia ugonjwa uko wapi na unapungua au unaongezeka. Mtu asikudanganye kwamba "amepimwa" maana yake ni "hana".

Hatua ya 2: Namba kabla ya kisu

Soma hereni zote mbili za masikioni ukiwa umesimama mbele ya kichwa, uzilinganishe na hati ya ng'ombe huyo, halafu uandike kwenye kopo. Andika kwenye kopo lenyewe, usiandike kwenye kifuniko, maana vifuniko hubadilishana. Kopo moja kwa kichwa kimoja, na kopo linalofuata lisifunguliwe kabla la kwanza halijafungwa.

Nasisitiza hili kwa sababu lilishatukuta. Siku moja walikuja ng'ombe wawili wa shamba moja, namba zao zikitofautiana tarakimu ya mwisho tu. Mwenzangu alijaza makopo mawili kwanza, akasema ataandika baada ya chai. Aliporudi hakuna aliyeweza kuapa lipi ni la nani. Mzoga usio na majibu halali hauruhusiwi kuliwa, kwa hiyo mizoga yote miwili iliteketezwa, nyama safi ya kilo mia kadhaa, na mfugaji alikuwa amesimama pale akitazama. Tangu siku hiyo sijawahi kuahirisha lebo.

Hatua ya 3: Vaa, na uache maji ya presha

Glavu mbili, ya ndani ya mpira na ya nje isiyokatika kwa kisu. Aproni, na miwani au kioo cha uso kinachofunika hadi kidevuni. Usimwagie kichwa maji ya presha ili kukisafisha. Vipande vya ubongo vitakurukia machoni. Damu iliyoganda ifute kwa karatasi.

Hatua ya 4: Kitoe kichwa vizuri

Hii ni kazi ya mchinjaji, si yako, lakini ongea naye mapema. Kichwa kikatwe penye kiungo cha fuvu na pingili ya kwanza ya shingo. Akikata chini zaidi, pingili inabaki imeziba tundu na utapoteza muda kuitoa. Akikata kwa pupa na kuingiza kisu tunduni, anaikata obeksi yenyewe bila kujua. Kikombe kimoja cha chai na mchinjaji kilinisaidia kuliko barua tatu za msimamizi.

Hatua ya 5: Kijiko

Hapa ndipo kazi ilipo, usiharakishe.

Kigeuze kichwa, paji likae mezani na taya zikae juu, na kisogo kikuelekee. Utaona tundu kubwa la mviringo. Ndimo ubongo unamoungana na uti wa mgongo. Ndani yake kuna kitu cheupe, kinene kama kidole gumba, kimefunikwa utando mgumu. Shika utando kwa koleo dogo na uuchane kandokando kwa ncha ya kisu ili uliachie shina.

Sasa chukua kijiko. Ni chembamba na kirefu, cha chuma kisichoshika kutu, na kingo zake zimenolewa. Kipitishe kati ya mfupa na shina, mgongo wa kijiko ukigusa mfupa. Zungusha taratibu, kushoto na kulia, ukikata mishipa ya fahamu inayolishikilia shina pembeni. Utaisikia mkononi ikikatika mmoja mmoja, kama nyuzi za mshono. Ukiacha kusikia, shina liko huru. Sukuma mbele kama sentimita saba, inua mpini ili ncha ilikate shina huko mbele, kisha vuta yote kwa mwendo mmoja. Usichokonoe. Ubongo mbichi ni laini kama parachichi lililoiva, na ukichokonoa mara tatu unatoa rojo.

Kwa aliyezoea, ni chini ya dakika moja. Mimi vichwa ishirini vya mwanzo vilinichukua asubuhi nzima, na sikuona aibu.

Hatua ya 6: Itafute V

Laza ulichokitoa kwenye kiganja, upande wa juu ukikutazama. Mfereji mwembamba unaotoka kwenye uti wa mgongo hufika mahali ukafunguka na kuwa bonde, na kingo zake hutengeneza herufi V. Kona ya hiyo V ndiyo obeksi. Ndani ya nyama yake, pande zote mbili, mna viini vya neva ambamo prioni hujikusanya mapema na kwa wingi.

Ukiiona V nzima, funga kopo. Usipoiona, rudi tunduni utafute kilichobaki. Kama imeharibika kabisa, andika hivyo kwenye fomu: "obeksi haitambuliki". Nimewahi kupokea maabara makopo yaliyojaa uti wa mgongo mtupu, au ubongo wa nyuma wenye mikunjo kama koliflawa, vyote vimeandikwa "shina la ubongo". Vipande kama hivyo vikipimwa mashine itasema hakuna ugonjwa, na jibu hilo litakuwa la uongo. Afadhali kusema sampuli imeshindikana.

Hatua ya 7: Baridi, lakini isigande

Kopo liingie kwenye mfuko wa plastiki, kisha sanduku la barafu, nyuzi joto 2 hadi 8. Usigandishe, maana barafu hupasua seli, na jibu likiwa na mashaka mtaalamu wa darubini atakosa cha kuangalia. Usitie formalini, dawa ya kuhifadhia tishu, kwenye kipande cha kipimo cha haraka. Wakati wa joto, kichwa kilichokaa saa nyingi hugeuka uji. Wale waliofia shambani siku mbili nyuma ndio wagumu zaidi. Chukua unachoweza na ueleze hali yake kwenye fomu.

Kichwa chenyewe hakiendi buchani. Kule kwetu kilinyunyiziwa rangi ya buluu kali pamoja na viungo vingine vya hatari, ili mtu yeyote akikiona popote ajue si chakula. Mzoga, ngozi, maini na kila kilichotoka kwa ng'ombe huyo hukaa chumba cha baridi chini ya kufuli, kila kipande na namba yake, mpaka majibu yatoke.

Hatua ya 8: Maabara

Obeksi hupasuliwa katikati kwa urefu. Nusu moja inapimwa, nusu nyingine inahifadhiwa kwa ajili ya uthibitisho. Zipo aina kadhaa za vipimo vya haraka. Naeleza ile niliyoitumia zaidi, nanyi mfuate karatasi ya kipimo mlichonacho.

Pima takriban miligramu 350 kutoka penye kona ya V, weka kwenye mrija wenye shanga ndogo na maji maalumu, mashine iutikise mpaka iwe maziwa mazito. Kisha tia kimeng'enya kinachoitwa proteinesi K. Ujanja wote uko hapa: kimeng'enya hiki huitafuna protini ya kawaida ikaisha, lakini prioni iliyojikunja vibaya humgomea na kubaki. Muda na joto vifuatwe kwa saa, si kwa makisio. Ukizidisha kitaanza kuila na prioni. Ukipunguza, protini ya kawaida itabaki na ng'ombe asiye na kitu ataonekana mgonjwa.

Kinachobaki kinazungushwa kwa kasi kubwa hadi kitulie chini ya mrija, kinayeyushwa, kinachemshwa, na kupelekwa kwenye sahani ya vishimo 96 iliyopakwa kingamwili zinazonasa prioni. Mwishoni unatia dawa ya rangi. Kishimo chenye prioni kinageuka manjano, kisicho nayo kinabaki kama maji. Mashine inasoma ukolezi wa rangi. Kabla hujatazama sampuli yoyote, tazama vishimo vya ulinganisho: kile unachojua kina ugonjwa na vile unavyojua havina. Vikikataa kutii, sahani nzima imetupwa na unaanza upya, hata kama lori la nyama linapiga honi nje.

Hatua ya 9: Rangi ikionekana

Usitangaze. Rudia sampuli hiyohiyo mara mbili. Ikionekana tena, peleka nusu iliyohifadhiwa kwenye maabara ya rejea. Kwa Uingereza ni Weybridge, huko ndiko wanakotumia darubini na njia nyingine kuithibitisha. Huko pia hujulikana kama ni aina ya kawaida, ile ya chakula, au ni ile adimu inayojizukia yenyewe kwa ng'ombe wazee, kama ya Scotland ya Desemba 2024.

Ikithibitishwa, mzoga huo unaharibiwa pamoja na mmoja uliotangulia kwenye mstari na miwili iliyofuata, kwa kuwa msumeno na mikono ni ileile. Ndiyo sababu mpangilio wa uchinjaji huandikwa tangu alfajiri.

Hatua ya 10: Kusafisha

Maji ya moto na sabuni haviiui prioni, spiriti haiiui, na formalini huifanya iwe sugu zaidi. Vyombo vya chuma viloweke saa nzima kwenye kostiki soda ya molari 2, ileile inayotengenezea sabuni; itakuunguza, kwa hiyo glavu ndefu. Dawa ya klorini ya sehemu 20,000 kwa milioni, kwa saa moja, inafaa meza na sakafu, lakini inakula chuma. Kijiko changu cha kwanza nilikimaliza hivyo.

Kwa walio nyumbani

Ng'ombe wa Afrika Mashariki anayeyumba, anayetoa mate na kupiga mayowe, mshuku kichaa cha mbwa kwanza. Anayezunguka duara moja anaweza kuwa na ndigana kali iliyopanda kichwani. Mwenye homa kali na kutetemeka, fikiria maji moyo. Ila mbinu ya tundu la kisogo utaihitaji vilevile, kwa kuwa sampuli ya kichaa cha mbwa nayo ni shina la ubongo, pamoja na ubongo wa nyuma. Pasipo na kijiko, mrija wa plastiki wa kunywea soda ukisukumwa tunduni kuelekea jichoni hutoa kipande cha kutosha, bila kupasua fuvu kwa shoka na kurusha ubongo kila upande.

Tofauti ni kwamba kichaa cha mbwa kinaweza kukuua ndani ya miezi kwa mate yaliyogusa mkwaruzo. Kama hujachanjwa, usikiguse kichwa hicho. Mwite aliyechanjwa, na kisubiri kwenye mfuko uliofungwa ndani ya sanduku la barafu.