Mvinyo wa moto haupikwi, unapashwa

Hapa Leipzig, Ujerumani, Desemba ikiingia, jirani hakukaribishi chai. Anakupa kikombe cha Glühwein, mvinyo mwekundu uliopashwa pamoja na mdalasini na karafuu, na mnakinywa mmesimama nje huku masikio yanauma kwa baridi. Mara ya kwanza kuandaa nyumbani nilitia kila kitu sufuriani kwa mpigo, nikakiacha kitokote kama chai ya maziwa. Kilitoka kichungu, kinanuka kama chumba cha daktari wa meno. Wageni walikunywa kwa adabu tu.

Tangu hapo natenga kazi mbili: viungo vinapikwa kwa maji, kisha mvinyo unapashwa. Na maji yale ya viungo nayagawa, nusu kwa mvinyo, nusu kwa sufuria ya wasiokunywa pombe, maana kwangu wanakuja Wajerumani wa ghorofa ya juu, ndugu zetu Waislamu wa Mombasa na Unguja, na watoto wa wote hao. (Sheria ya Umoja wa Ulaya inakataza kuongeza maji kwenye kinywaji kinachouzwa kwa jina la Glühwein. Mimi siuzi.)

Vipimo hivi vinatoa vikombe kama 16.

Hatua ya 1: Chagua viungo. Hapa ndipo watu wanapoharibu. Vijiti 3 vya mdalasini, iliki 6 zilizopondwa kidogo, anisi ya nyota 2, kipande cha tangawizi urefu wa kidole gumba, na karafuu 10. Karafuu zihesabu, usitupie kwa kiganja! Shangazi hunitumia za Pemba, na hizo 8 zinatosha kabisa. Zile za dukani huku huenda zimekaa rafuni muda mrefu, kwa hiyo zijaribu: bonyeza kichwa cha karafuu kwa ukucha, mafuta yatoke. Au zitie kwenye glasi ya maji. Nzuri huzama au husimama wima, na iliyochoka huelea imelala.

Usitumie viungo vya unga. Havichujiki, na kinywaji kinabaki na tope.

Hatua ya 2: Menya machungwa 2. Yaoshe kwanza kwa maji ya moto, kwani mengi ya dukani yamepakwa nta. Chukua ganda la rangi tu. Ule utando mweupe una uchungu.

Hatua ya 3: Pika viungo. Weka viungo na maganda kwenye maji mililita 600, funika, yatokote kwa moto mdogo dakika 15. Chuja. Utabaki na karibu nusu lita ya maji ya kahawia yenye harufu ya kumtoa mtu chumbani kuja kuuliza kunapikwa nini.

Hatua ya 4: Pasha mvinyo. Chupa 2 za mvinyo mwekundu usio mtamu. Mimi hununua Dornfelder, mvinyo mwekundu wa Kijerumani, wa bei ya kawaida. Ghali ni hasara, viungo vitaufunika, lakini mbovu nao hausitiriki. Tumia sufuria ya stili. Hizi za aluminiamu tulizozizoea nyumbani hazipatani na asidi ya mvinyo, utasikia ladha ya chuma. Ongeza nusu ya maji ya viungo na juisi ya yale machungwa, kisha washa moto mdogo. Pombe tupu huchemka kwenye nyuzi 78, basi mimi naishia 70. Kama huna kipimajoto, tazama juu: mvuke upande, lakini viputo visianze. Sukari ndiyo ya mwisho, vijiko 6 vya chakula, onja, ndipo uongeze.

Hatua ya 5: Sufuria ya pili. Lita 1 ya juisi ya tofaa, nusu lita ya chai ya rozela iliyokolea, na maji ya viungo yaliyobaki. Hii hata ikichemka haina neno. Wajerumani wana ya kwao ya namna hii, wanaiita Kinderpunsch, yaani ya watoto, ila kwangu watu wazima ndio wanaoimaliza.

Kila sufuria iwe na upawa wake, na ziweke mbalimbali. Kuna wanaoamini kwamba mvinyo ukipata moto pombe yote inapotea. Haipotei. Mgeni asiyekunywa, mjamzito au anayeendesha gari mwambie waziwazi ipi ni ipi kabla hajachota.

Hatua ya 6: Andaa kwenye vikombe vizito vya udongo. Glasi nyembamba hupasuka, na vidole vinataka kitu cha kukumbatia.

Mvinyo ukibaki, utie chupani, weka kwenye friji, upashe kesho yake. Kama ulipambia kwa vipande vya chungwa, vitoe kwanza, visilale humo.