Senti za Maili, Saa za Usukani: Piga Hesabu Kabla ya Kukubali Lori Marekani

Kama uliwahi kuendesha trela kutoka Mombasa hadi Kampala, umezoea kulipwa kwa safari. Ukikwama kwenye foleni ya Malaba siku mbili, shida ni yako na pesa ni ile ile. Ndiyo maana wengi wetu tukifika Marekani na kuambiwa "senti 55 kwa maili" hatushtuki. Tunazidisha haraka haraka, tunaona dola elfu na kitu kwa wiki, tunatia sahihi. Mimi nilitia sahihi hivyo hivyo. Mwaka ulipita kabla sijajiuliza: kila saa ninayoitoa kwa kampuni hii, nalipwa ngapi?

Chukua wiki ya maili 2,400. Kwa senti 55 ni dola 1,320. Maili hizo zitakula kama saa 46 za usukani. Sasa ongeza kukagua gari, kujaza dizeli, mizani, kufunga mzigo, na lile janga kubwa la kusubiri ghalani hadi uitwe mlangoni. Tuseme saa 16, na kuna wiki utazitamani hizo. Jumla ni saa 62. Gawanya: dola 21.29 kwa saa.

Hapo bado hujagusa ovataimu. Sheria ya kazi ya Marekani ya mwaka 1938 inamtaka mwajiri alipe mara moja na nusu kwa kila saa inayozidi 40 kwa wiki, lakini madereva wa malori makubwa yanayobeba mizigo ya kuvuka majimbo hawamo katika haki hiyo. Mwendesha foklifti wa ghalani yumo. Akilipwa dola 20 tu kwa saa, naye akapiga saa 62 kama wewe, zile 22 za mwisho zinahesabiwa kwa dola 30, na wiki yake inafika dola 1,460. Usiku yuko kwake na wanawe. Wewe uko Nebraska, umelala nyuma ya kiti. Kumfikia tu kwa maili zile zile, ungehitaji karibu senti 61 kwa maili.

Usidanganywe pia na mishahara ya mwaka. Takwimu za serikali za Mei 2024 zinaonyesha mshahara wa kati wa dereva wa lori kubwa kuwa dola 57,440. Ukiugawanya kwa saa 2,080, yaani saa 40 kila wiki, unapata zaidi ya dola 27 kwa saa, na unapendeza. Lakini dereva wa masafa marefu anaruhusiwa kufikisha saa 70 za kazi ndani ya siku 8. Anayefanya saa 60 kwa wiki 50 amefanya saa 3,000, na mshahara ule ule unashuka hadi dola 19 na senti kidogo.

Kwa wanaosambaza vifurushi kwa magari madogo, mambo ni tofauti: gari la uzito usiozidi pauni 10,000 kwa kawaida halikunyimi ovataimu. Wengi hawalijui hili na wanaambiwa "madereva hawana ovataimu", basi wananyamaza.

Ukipewa kazi ya 1099 (fomu ya kodi ya aliyejiajiri) badala ya W-2 (fomu ya mwajiriwa), ipige hesabu upya kabisa. Mwajiriwa hukatwa asilimia 7.65 ya hifadhi ya jamii na matibabu ya uzeeni, na mwajiri hulipa nyingine kama hiyo. Aliyejiajiri anazibeba zote mbili, asilimia 15.3, tena kwa kawaida bila bima ya kuumia kazini wala malipo ya kukosa kazi. Senti 65 za 1099 zinaweza kuwa chini ya senti 55 za W-2.

Kabla ya kukubali, uliza: maili zinahesabiwa kwa ramani ya kampuni au kwa mita ya gari? Kuendesha gari tupu, bila mzigo, kunalipwa? Kusubiri kunaanza kulipwa baada ya saa ngapi, na pesa hiyo inamfikia dereva au inaishia ofisini? Gari likiharibika, siku inalipwa? Majibu yaandikwe kwenye mkataba. Maneno ya simu hayakusaidii lolote.

Na hili naliomba kwa dhati: usibonyeze "niko mapumziko" kwenye kifaa cha kuhesabia saa wakati unapakia au unalinda mzigo. Najua kwa nini watu wanafanya hivyo. Wanataka kuokoa zile saa 70. Lakini ni kumbukumbu ya uongo, na unafuta saa zako mwenyewe. Fikiria wiki ya gari kuharibika: maili 600, dola 330, saa 50 kazini. Hiyo ni dola 6.60 kwa saa, chini ya kima cha chini cha shirikisho cha dola 7.25, na kampuni inatakiwa kukujazia pengo. Majimbo mengi yana kima cha juu zaidi. Kama saa zako 30 zimeandikwa mapumziko, pengo halionekani.

Kampuni inalazimika kutunza kumbukumbu hizo miezi 6 tu, ilhali dai la mshahara unaweza kulifungua ndani ya miaka 2, au 3 ikithibitika walikiuka kwa makusudi. Kwa hiyo kila mwisho wa mwezi hifadhi nakala kwenye simu yako, pamoja na hati za malipo na picha ya mita ya gari. Siku ukiacha kazi, nywila yao inakufa. Idara ya Kazi, kitengo cha mishahara na saa, inapokea malalamiko bure kwa 1-866-487-9243, na unaweza kuomba mkalimani.