SOMO: Kuongeza swapu kwenye Linux kwa amri (hatua ya 7 isomwe mara mbili)

Wakuu, salaam. Kila wiki napata ujumbe ule ule: laptopu ya mtumba, RAM GB 4, imeganda, "fundi nifanyeje?" Wengi ni wanafunzi wa vyuo vya Njiro na Tengeru wenye kurasa thelathini kwenye kivinjari na Zoom juu yake. Naandika mara moja. Ukiniuliza tena nakutumia uzi huu, naendelea na kazi.

Tuelewane kwanza. Swapu ni nafasi ya diski ambako keneli (kiini cha Linux kinachogawa RAM) inahamishia vitu visivyotumika RAM inapobanwa. Haiongezi viti kwenye Hiace ya Ngaramtoni, inaongeza pa kusimama. Hata SSD haiifikii RAM kwa kasi, na diski ya kuzunguka ndiyo kabisa. Faida ni kwamba mashine inazubaa, badala ya keneli kuanza kuua programu ili ipate nafasi.

Hapa ni Ubuntu na Mint zenye ext4 (mfumo wa faili wa diski).

1. Angalia ulichonacho.
swapon --show
free -h
Ubuntu tangu 17.04 huweka faili ya swapu yenyewe, kwa hiyo usishangae kuikuta. Ukitaka kuikuza, izime kwanza kwa jina lililoonyeshwa na swapon --show, mfano: sudo swapoff /swapfile. Funga programu kabla, maana vilivyomo vinarudi RAM, na visipoenea amri inakataa.

2. Nafasi ya diski: df -h /

3. Tengeneza faili ya GB 4.
sudo dd if=/dev/zero of=/swapfile bs=1M count=4096 status=progress
Najua amri ya fallocate nayo inatengeneza faili, tena haraka, na kwenye ext4 haina shida. Ila kuna mifumo ya faili ambako inaacha faili yenye matundu, na swapon inaikataa. Wa Btrfs, msitumie hatua hii, kule kuna taratibu zake. Na angalia kilichofuata of= kabla ya kubonyeza Enter. dd haiulizi kama una uhakika.

4. sudo chmod 600 /swapfile (nywila zako zinaweza kuangukia humo)

5. sudo mkswap /swapfile (inaiandaa faili iwe swapu)

6. sudo swapon /swapfile, kisha free -h tena.

7. fstab, yaani faili inayouambia mfumo ufungue diski na swapu zipi unapowaka. Bila hatua hii swapu haitajiwasha ukizima na kuwasha. Mashine nyingi zinazoletwa kwangu "zimekufa baada ya kuongeza swapu" zimefia hapa. Anza na nakala:
sudo cp /etc/fstab /etc/fstab.bak
Halafu:
echo '/swapfile none swap sw 0 0' | sudo tee -a /etc/fstab
Hiyo -a usiiache. tee bila -a inafuta faili nzima na kubakiza mstari wako peke yake. Ubaya ni kwamba hakuna kitakacholalamika. Utapiga kazi hadi jioni, utazima, utalala. Asubuhi mfumo unawaka lakini hakuna mstari unaouambia ufungue diski kuu kwa kuandika, inabaki ya kusoma tu, na kila kitu kinachotaka kuandika kinagoma. Hapo mtu anasema diski imekufa, ananunua nyingine. Diski nzima!

Wale wa sudo echo ... > /etc/fstab: sudo hapo ni ya echo. Mshale unafanywa na sheli yako (programu inayopokea amri) isiyo na ruhusa, ndiyo maana inasema Permission denied. Shukuruni, kwa sababu mshale mmoja nao unafuta. Na kama mstari wa /swapfile ulikuwepo tayari, usiongeze wa pili.

Kabla ya kuwasha upya:
cat /etc/fstab
sudo findmnt --verify
Ukiwa umeshaharibu na .bak unayo, ingia hali ya uokoaji kwenye menyu ya GRUB (inayotokea kabla Linux haijawaka), fungua sheli ya root (msimamizi mkuu):
mount -o remount,rw /
cp /etc/fstab.bak /etc/fstab
Huna .bak? Utakaa na amri ya blkid ukiandika UUID (namba ya utambulisho ya kila patisheni) moja moja kwa mkono. Hiyo kazi natoza.

8. Ukipenda kupunguza keneli inavyokimbilia swapu: sudo sysctl vm.swappiness=20. Kawaida huwa 60. Kuidumisha, andika vm.swappiness=20 ndani ya /etc/sysctl.d/99-swapu.conf. Watu wanabishania namba hii kuliko inavyostahili.

MASWALI

Kijana wa Stendi: Mkuu nimefuata yote, nikawasha upya, swapu hakuna.

Fundi wa Sakina: Hatua ya 7.

Kijana wa Stendi: Hiyo niliiruka, ni ndefu.

Fundi wa Sakina: Basi jibu unalo.

Binti Njiro: Shikamoo fundi. Swapu yangu imeshika GB 1.2 lakini free inaonyesha available GB 1.5. Mbona inatumia swapu wakati RAM ipo? Na mashine iko vizuri tu.

Fundi wa Sakina: Marahaba dada, swali zuri. Keneli ilihamisha vitu vilivyolala siku ilipobanwa, na haivirudishi mpaka vihitajike. Kujaa kwa swapu siyo ugonjwa. Andika vmstat 1 uangalie safu za si na so: ya kwanza ni vinavyorudi RAM, ya pili ni vinavyotoka. Zikisomeka sifuri muda mwingi, tulia. Zikiwa na namba kubwa mfululizo, hapo umezidiwa. Ukitaka kujua nani yuko kwenye swapu: grep VmSwap /proc/[0-9]*/status | sort -k2 -n | tail

Binti Njiro: Nimeona, ni kivinjari. Na zram je?

Fundi wa Sakina: Kwa RAM ndogo na diski ya kuzunguka naipenda kuliko faili. Ni swapu iliyo ndani ya RAM yenyewe, ila vitu vinabanwa ili vichukue nafasi ndogo. Ubuntu sakinisha zram-tools. Fedora inaitumia yenyewe tangu toleo la 33. Faili lako liache pia, zram ikipewa kipaumbele cha juu itatumika kwanza.

Baba Careen: Windows inakuwaje?

Fundi wa Sakina: Kichwa cha uzi kinasema Linux.

Mzee wa Pasua: Fundi haraka! Niliandika mkswap /dev/sda3, kumbe ni patisheni ya Windows yenye mafaili.

Fundi wa Sakina: Wapi nimeandika /dev/sda3?

Mzee wa Pasua: Nilisoma kwingine.

Fundi wa Sakina: Haya. Uliifikia swapon?

Mzee wa Pasua: Hapana.

Fundi wa Sakina: Basi una bahati, mzee wangu. mkswap inagusa mwanzo tu wa patisheni. Usiandike chochote humo. Washa kwa flashi ya Ubuntu, sakinisha testdisk. NTFS huweka nakala ya sekta ya kuwashia mwishoni mwa patisheni, na testdisk inaweza kuirudisha. Mafaili yakionekana, nakili kwanza kwenye diski ya nje.

Mangi wa Kiboriloni: Betri yangu imekufa na huku Moshi umeme ukikatika inazima ghafla. Swapu haiharibiki?

Fundi wa Sakina: Hapana Mangi. Ukiwasha, yaliyokuwemo yanahesabika hayapo, inaanza upya. Cha kuogopea ni hati uliyokuwa hujahifadhi.

Mangi wa Kiboriloni: Na nikiongeza RAM yenyewe?

Fundi wa Sakina: Ndiyo dawa. sudo dmidecode -t memory itakuonyesha matundu mangapi na yapi matupu. Kisha fungua usome lebo. RAM za PC3 na PC3L si kitu kimoja: ya kwanza ni volti 1.5, ya pili 1.35, na laptopu nyingi za PC3L hazikubali ile ya kwanza.

Mangi wa Kiboriloni: Nimefungua. PC3L, tundu la pili tupu.

Fundi wa Sakina: Tafuta PC3L ya GB 4, nenda na mashine, iwashwe mbele ya muuzaji usome free -h kabla hujatoa hela. Ikisoma 7 na ushei ni sawa, nyingine imeshikwa na kadi ya picha na keneli.