SOMO: Kula vegani kwenye mgahawa wa mboga wa kujichagulia bakuli

Wakuu, somo hili ni la wasiogusa chochote cha mnyama: nyama, samaki, maziwa, mayai, hata asali. Mgahawa wa mboga si lazima uwe wa vegani. Wengi wanapikia watu walioacha nyama tu, na kwao siagi na jibini ni ruksa.

Hatua ya 1: Soma menyu kabla ya kupanga foleni. Alama ya jani huwa na maelezo yake pembeni. Kwingine maana yake ni "haina nyama" basi.

Hatua ya 2: Nafaka. Usiulize "hii ni vegani?" Utajibiwa "ndiyo, ni mboga tupu" huku kijiko kishazama kwenye wali. Taja kitu chenyewe: "Wali umetiwa siagi?" Hapo mhudumu atakwenda kuuliza jikoni.

Hatua ya 3: Mboga. Jaza utakavyo. Za kuokwa tu ndizo za kuulizia, maana baadhi hupakwa siagi au asali. Kimchi (kabichi ya Kikorea iliyochachushwa) nayo mara nyingi ina mchuzi wa samaki.

Hatua ya 4: Usiruke protini, la sivyo njaa itakurudia mapema. Gramu 100 za dengu au maharage yaliyopikwa zina protini kama gramu 9. Kababu za mboga ulizia yai, kwani hutumika kushikanisha.

Hatua ya 5: Sosi. Hapa ndipo bakuli zuri huharibika. Sosi ya Caesar kwa kawaida ina samaki wadogo wa chumvi, yai na jibini. Pesto (sosi ya kijani ya majani ya mrehani) kwa kawaida ina jibini. Nyeupe nzito mara nyingi ni mtindi au mayonezi, na ya haradali huenda ina asali. Ya ufuta hunifaa zaidi, mradi haikuchanganywa na mtindi. Ukiona mhudumu hana uhakika, chukua limau na mafuta ya zeituni, maisha yaendelee.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, kwenye mgahawa unaouza na nyama, tofu (maziwa ya soya yaliyogandishwa) ikikaangwa kwenye mafuta yaliyokaangia kuku?
Jibu: Wapo wasiojali, wapo wanaokataa katakata. Mimi huomba ya kuokwa. Ila mwenye mzio wa maziwa au mayai asitegemee neno vegani peke yake. Aseme wazi kuwa ana mzio.

Swali: Nikila hivi kila siku, vitamini B12 naipata wapi?
Jibu: Si kwenye bakuli hilo, dada. Mboga na nafaka hazikupi ya kutosha. Tumia vidonge au vyakula vilivyoongezewa B12, kama baadhi ya maziwa ya soya.

Swali: Wakininyunyizia jibini kwa bahati mbaya, niitoe tu kwa uma?
Jibu: Ikishayeyuka haitoki. Omba bakuli jipya kwa upole, na useme hapo hapo kaunta kabla hujalipa.